Msimamizi wa ghala anastaafu: tumpandishe wa ndani au tutangaze nje?

SWALI: Mimi ni afisa utumishi wa kampuni binafsi ya kusambaza vyakula hapa Mwanza. Tuko wafanyakazi 90 hivi. Msimamizi wa ghala letu kuu anastaafu baada ya miezi minne. Mkurugenzi anataka nafasi apewe mpokea mizigo wetu mmoja, kijana hodari aliyekaa nasi miaka 11, tena iwe kimya kimya, barua tu. Meneja wa fedha anapinga. Anasema tutangaze gazetini tupate mwenye digrii. Tayari wafanyakazi wengine wawili wamenifuata ofisini, mmoja ni dada anayetunza kumbukumbu za stoo, wananiuliza kama nafasi ni ya wote. Je, sheria inatulazimisha kutangaza? Na tukichukua wa ndani, tumpate vipi bila kuacha vinyongo?

JIBU: Ndugu yangu, la sheria ni fupi, kwa hiyo nianze nalo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, haina kifungu kinachomlazimisha mwajiri binafsi kutangaza nafasi ya kazi, gazetini wala ubaoni. Utumishi wa umma una utaratibu wake na Sekretarieti yake ya Ajira. Ninyi hamumo humo. Kinachowahusu ni kifungu cha 7, kinachokataza ubaguzi katika sera na taratibu zote za ajira, yakiwemo mambo ya kupandisha cheo, mafunzo, uhamisho na vigezo vya kuchagua watu. Sababu za ubaguzi zimetajwa humo moja moja: kabila au mahali mtu alikotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri na nyinginezo. Na mfanyakazi akishaonyesha ushahidi wa awali kwamba alibaguliwa, mzigo wa kuthibitisha kwamba haikuwa hivyo unamwangukia mwajiri.

Hapo ndipo barua ya kimya kimya inapowaweka pabaya. Dada wa kumbukumbu akienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, akasema nimerukwa kwa sababu ni mwanamke, mtaweka nini mezani? Hakuna tangazo, hakuna vigezo, hakuna alama za usaili. Mtabaki na neno la mkurugenzi, kwamba alimwona kijana anafaa. Inawezekana kabisa kijana anafaa kweli, lakini hamtakuwa na cha kuonyesha.

Sasa ushauri wangu. Chukueni mtu wa ndani, lakini mlango ufunguliwe kwa kila aliye ndani, na kijana wa mkurugenzi apite mlango huohuo kama wenzake. Mkurugenzi na meneja wa fedha kila mmoja ana nusu ya ukweli, na kazi yako ni kuzikutanisha hizo nusu mbili.

Nusu ya mkurugenzi ni hii: ghala halijifunzwi darasani. Mtu aliyekaa kwenu miaka 11 anajua msambazaji yupi mifuko yake huja mepesi, kona ipi ya paa huvuja masika yakianza, mteja yupi huagiza Ijumaa jioni halafu anakataa mzigo Jumatatu. Msimamizi kutoka nje naye atayajua haya, ila atayajua kwa hasara yenu. Kuna mtafiti wa Marekani, Matthew Bidwell, ambaye mwaka 2011 alichapisha uchunguzi wa benki moja ya uwekezaji ya huko, akilinganisha waliopandishwa kutoka ndani na walioletwa kutoka nje kwenye kazi zilezile kati ya 2003 na 2009. Wa nje walilipwa karibu asilimia 18 zaidi. Pamoja na hayo, kwa miaka miwili ya mwanzo tathmini zao za utendaji zilikuwa chini kuliko za wenzao wa ndani, na uwezekano wa kupunguzwa au kufukuzwa kazi ulikuwa mkubwa zaidi kwa asilimia 61. Benki ya Marekani si ghala la unga Mwanza, najua. Lakini sababu aliyoiona ni ileile tunayoiona hapa: ujuzi mwingi wa kazi umefungwa na mahali pale pale na watu wale wale, na mgeni hawezi kuubeba kwenye begi lake la vyeti.

Na meneja wa fedha? Uchunguzi huohuo ulionyesha kwamba wa nje ndio waliokuwa na elimu zaidi na uzoefu mrefu zaidi kwenye karatasi. Kwa hiyo hakosei anaposema nje kuna wasomi zaidi. Anachopaswa kujibu ni kama kazi hii inaihitaji hiyo digrii. Kaeni chini na msimamizi anayeondoka, mwandike anachokifanya tangu saa 1 asubuhi hadi anapofunga lango. Kisha muulizane kwa kila jambo: hili linataka digrii, au linataka mtu makini anayejua hesabu, anayeweza kuandika ripoti na kuongoza wapagazi 20? Sheria inaruhusu kuweka sharti linalotokana na asili ya kazi yenyewe. Sharti ambalo kazi hailihitaji, lakini linawafungia nje watu wote mlio nao, litaonekana na kila mfanyakazi kuwa ni njia ya kuwaambia kwamba hapa kwenu hakuna ngazi.

Ziko hali mbili ambazo ningewaambia mwende nje bila kusita. Ya kwanza ni pale mnapohitaji kitu ambacho ndani hakipo kabisa. Mathalani, mnajenga chumba cha baridi kwa mara ya kwanza, na hakuna hata mmoja kati yenu aliyewahi kutunza samaki au maziwa kwa nyuzijoto maalumu. Ya pili ni ngumu kuisema mbele ya watu: kama ghala lina upotevu wa muda mrefu usio na maelezo, na mnahisi kuna mtandao. Hapo mtu asiyedaiwa fadhila na yeyote ana nguvu ambayo wa ndani, hata awe mwaminifu namna gani, hana. Barua yako haitaji lolote kati ya haya, kwa hiyo naendelea na wa ndani.

Tatizo langu na pendekezo la mkurugenzi si kijana, ni ule ukimya. Mtafiti mwingine, JR Keller, alifuatilia zaidi ya ajira 11,000 za ndani kwenye taasisi moja kubwa ya huduma za afya nchini Marekani, akachapisha matokeo mwaka 2018. Nafasi nyingine zilitangazwa ndani, kila mtu akaruhusiwa kuomba. Nyingine mkuu alimchagua mtu anayemjua akampa. Waliopatikana kwa tangazo walifanya kazi vizuri zaidi, na walikaa muda mrefu zaidi. Sababu si ngumu kuiona. Mkuu huwajua walio karibu na macho yake. Mpokea mizigo yuko getini, mkurugenzi humkuta kila asubuhi gari likiingia. Dada wa kumbukumbu yuko nyuma ya rafu na leja zake, na mkurugenzi huona kazi yake pale tu hesabu zinapokosea. Zisipokosea, haonekani kabisa.

Nina jambo la nyuma linalonifanya nilisisitize hili. Nikiwa afisa mdogo wa utumishi, kwenye taasisi moja iliyokuwa na bohari ya dawa, alikuwepo mtunza bohari aliyekaimu usimamizi kwa miezi 14. Hakuwa na barua ya kukaimu wala posho yake. Kila alipouliza aliambiwa vuta subira, mambo yako jikoni. Siku moja akasoma kwenye ubao wa matangazo jina la msimamizi mpya. Tangazo lile nililichapa mimi. Alikuja ofisini kwangu mchana uleule na bunda la funguo, akaanza kuzitoa kwenye pete moja moja na kuzipanga mezani. “Huu wa chumba cha baridi, unapozungusha uinue kidogo. Huu wa kabati la dawa za kufungiwa, nakala iko kwa mfamasia. Huu wa mlango wa nyuma. Masika mbao huvimba, mwambieni asilazimishe utakatika.” Alizitaja zote, hakuacha hata mmoja. Hakulalamika. Baada ya wiki tatu aliacha kazi. Msimamizi mpya hakuwa mtu mbaya, lakini alichukua karibu mwaka kujua yale ambayo yule bwana aliniambia kwa dakika tano, na mimi sikuwa nimeyaandika.

Kwa hiyo, kabla ya yote, zuia kukaimu kusikokuwa na mwisho. Ukimweka kijana akaimu leo “kwa muda tu” halafu utangaze baadaye, umeshaamua, na kila mtu anajua. Ikibidi mtu akaimu, apewe barua yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na posho. Wenzetu wa Kenya wameliweka hili katika sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017: kukaimu kusipungue siku 30 wala kusizidi miezi 6. Haiwahusu kisheria, lakini ni kipimo kizuri cha kuazima.

Na lipo neno la kumwambia mkurugenzi ana kwa ana, mkiwa wawili. Muulize: akitokea mtu aliyefanya vizuri kuliko kijana wako, utakubali? Akijibu hapana, basi msitangaze. Mpeni kijana barua, mkubali lawama, yaishe. Tangazo la geresha, watu wakavaa suti na kukaa mbele ya jopo ambalo jibu lake lilishaandikwa, linaumiza kuliko upendeleo wa wazi, na wafanyakazi hawalisahau. Akijibu ndiyo, mshike kwa neno hilo hilo, na umwombe asikae kwenye jopo. Akitaka lazima kukaa, azungumze wa mwisho. Kwetu hapa mkubwa akishasema “mimi namwona huyu”, vijana wa jopo wataitikia tu kwa heshima. Dawa yake ni kila mjumbe kuandika alama zake kwenye karatasi na kuikabidhi kabla mtu yeyote hajafungua mdomo.

Tangazo lenyewe liwe la ukurasa mmoja. Jina la nafasi, anaripoti kwa nani, kazi tano au sita kuu, sifa zinazohitajika kweli, mshahara wa nafasi hiyo, namna ya kuomba, tarehe ya mwisho, na siku ambayo waombaji wote watapewa majibu. Siku 10 za kazi zinatosha. Lisibandikwe ubaoni tu. Wapagazi na madereva wenu hawana barua pepe za ofisi, na wapo wasiopita kwenye ubao wiki nzima. Lisomwe kwenye kikao cha asubuhi, liwekwe kwenye kundi la WhatsApp la kazini, na wewe mwenyewe uwapigie simu walio likizo. Fikiria mama aliye kwenye likizo yake ya uzazi ya siku 84: tangazo la siku 10 litabandikwa na kubanduliwa bila yeye kuliona. Mkimkosesha nafasi kwa njia hiyo, mmeingia moja kwa moja kwenye kifungu cha 7 bila hata kukusudia.

Andika pia kwamba mwombaji hahitaji ruhusa ya mkuu wake ili kuomba. Nimeona wakuu wengi wanaowaficha watu wao wazuri, na huwa hawafanyi hivyo kwa ubaya; wanaogopa kubaki na pengo. Ajulishwe tu kwamba mtu wake ameomba, na mkubaliane mapema kwamba akishinda ataachiwa ndani ya muda fulani, tuseme mwezi mmoja.

Sasa usaili, na hapa ningekusihi utumie nguvu zako nyingi. Kosa kubwa la kuajiri kutoka ndani ni kudhani kwamba aliye hodari katika kazi ya chini atakuwa hodari wa kuisimamia. Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walichunguza wauzaji katika kampuni 131 za Marekani, wakachapisha mwaka 2019. Waliouza sana ndio waliopandishwa kuwa mameneja. Lakini kadiri mtu alivyokuwa muuzaji hodari zaidi kabla ya kupandishwa, ndivyo timu aliyopewa ilivyoshuka zaidi. Aliyekuwa muuzaji hodari mara mbili ya mwenzake, watu waliokuwa chini yake walishuka kwa asilimia 7.5. Waliofaa kuongoza waliachwa chini kwa sababu mauzo yao hayakung'aa. Kijana wenu ni mpokea mizigo hodari. Hilo linatuambia kwamba anapokea mizigo vizuri, basi. Kama anaweza kuwafanya wengine wapokee mizigo vizuri, bado hatujui.

Msiwaulize “nguvu yako ni ipi, udhaifu wako ni upi”. Hao mnawajua. Wapeni kazi yenyewe, nusu siku, ghalani. Mfano mmoja wa jaribio ambalo nimelitumia mara kadhaa: lori limefika saa 11 jioni. Hati inasema mifuko 400 ya sembe ya kilo 25. Hesabu ya getini inatoa 392. Dereva ana haraka, anataka akalale Shinyanga. Wapagazi wamechoka, na mmoja anasema kwa sauti ya chini kwamba dereva huyo ni ndugu wa mteja wenu mkubwa. Mwombaji afanye nini? Mweke getini kweli, mifuko michache ipangwe, mtu acheze dereva, na wajumbe watazame.

Atakayerukia juu ya lori kuhesabu mwenyewe ni mpokea mizigo mzuri. Atakayempanga mtu mwingine ahesabu upya, akamwita dereva asimame pale ashuhudie, akaandika upungufu wa mifuko 8 kwenye kila nakala ya hati kabla ya sahihi yoyote, akampigia simu msambazaji dereva akiwa bado hajaondoka, na njiani akamwambia yule mpagazi bila kumwaibisha kwamba undugu wa dereva haumo kwenye hesabu, huyo ana msimamizi ndani yake. Nimewahi kumwona mama mmoja mkimya sana akilifanya jaribio hili kwa dakika tisa, sauti yake haikupanda hata mara moja, na wajumbe waliokuja wakiwa na jina lao mfukoni wakabaki wanatazamana.

Ongeza majaribio mawili madogo. Mpe kila mwombaji kadi za stoo za miezi mitatu zenye makosa uliyoyapandikiza, atafute. Kisha mpe mpagazi mgeni amfundishe kupanga bidhaa ili inayokaribia kuisha muda itangulie kutoka. Msitazame rafu, mtazameni mpagazi. Akiwa ameelewa na anaweza kurudia peke yake, mwalimu ni mzuri. Maswali na alama ziwe zilezile kwa wote, na karatasi zote zihifadhiwe kwenye faili. Meneja wa fedha awe mjumbe wa jopo. Mtu aliyehofia kupata msimamizi asiye msomi akikaa na kuona kadi za stoo zikisahihishwa mbele yake, hatakuwa na haja ya kubishana tena na mkurugenzi. Awepo pia mtu mmoja ambaye si wa ghala wala fedha, hata kama ni wa usafirishaji. Na mjumbe mwenye undugu na mwombaji aseme mapema na akae pembeni.

Mshahara wa nafasi pangeni kabla ya kujua nani kashinda. Makampuni mengi hufanya hivi: wa nje angepewa mshahara kamili wa nafasi, wa ndani anapewa nyongeza ndogo juu ya mshahara wake wa zamani, “kwani si wetu”. Miezi sita haipiti atajua, na atakuwa ameshakuwa na cheo kwenye wasifu wake wa kupelekea kwa jirani.

Nimefika kwa wale wasiopata. Kwenye barua yako uliuliza habari ya vinyongo, na mimi naona hii ni nusu ya kazi nzima. Keller huyohuyo, pamoja na Kathryn Dlugos, walifuatilia zaidi ya mara 9,000 ambapo waombaji wa ndani walikataliwa katika kampuni moja kubwa. Waliokataliwa walikuwa na uwezekano karibu mara mbili wa kuacha kazi, wakilinganishwa na waliopata au ambao hawakuomba. Lakini wale waliofika hadi kusailiwa na meneja wa nafasi hiyo, kisha wakakosa, uwezekano wao wa kuondoka ulikuwa nusu ya ule wa waliotupwa kwenye mchujo wa awali. Na aliyekosa kwa mwenzake wa ndani aliondoka kwa nadra kuliko aliyekosa kwa mgeni. Maana yake ni kwamba mtu huvumilia kukosa akiona amesikilizwa, na akiona njia bado ipo. Ninyi mna waombaji wachache. Msailini kila anayetimiza sifa za msingi, hata unayeona hana nafasi.

Majibu yatolewe siku moja, ana kwa ana, kabla jina halijabandikwa popote. Asisikie kwa mlinzi wa getini. Mkae wawili, wewe na mjumbe mmoja wa jopo, na usizunguke. Tuseme ni yule dada:

“Dada, karibu ukae. Nafasi amepata mwenzako, nimetaka uisikie kwangu kwanza. Kwenye kadi za stoo wewe ndiye uliyekuwa juu ya wote, umepata makosa yote saba. Palipokuangusha ni lori. Uliliona kosa mapema, lakini hukuwapa wenzako kazi, ukafanya kila kitu peke yako. Kuanzia mwezi ujao tungependa usimamie zamu ya Jumamosi, na baada ya miezi mitatu tukae tena tuone imekwendaje. Nakusikiliza.”

Kisha nyamaza. Anaweza kulia, anaweza kukasirika, anaweza kusema “sawa bosi” akainuka. Usimfukuzie maneno. Usimwahidi kwamba nafasi ijayo ni yake, huna mamlaka hayo, na ahadi hiyo itakurudia. Ahidi kile tu unachoweza kukitimiza, kama hiyo zamu ya Jumamosi, na ukitimize tarehe uliyoitaja. Akitaka kuona alama zake, muonyeshe zake, si za wenzake.

Anayepata naye anahitaji barua iliyokamilika. Kifungu cha 15 cha sheria kinataka maelezo ya kazi yawe kwa maandishi, na yakibadilika, yarekebishwe kwa kushauriana na mfanyakazi na ajulishwe kwa barua. Weka humo majukumu mapya, mshahara mpya, anaripoti kwa nani, na kipindi cha kuangalia anavyoimudu nafasi, tuseme miezi sita. Hapa kuna mtego: huyu si mwajiriwa mpya. Miaka yake 11 haijafutika. Kipindi hicho ni cha kumpima kwenye cheo, hakigusi ajira yake. Andikeni waziwazi kwamba ikionekana haiwezi kazi, atarudi kwenye nafasi yake au inayolingana nayo, kwa heshima zake zote. Bila mstari huo, mtakuja kugundua mmemgeuza mpokea mizigo mzuri kuwa msimamizi aliyeshindwa, na mmempoteza mara mbili.

Msaidie pia na jambo ambalo watu huliona dogo: marafiki. Jana alikuwa anakula nao mgahawani na kutaniana, kesho atawasainia likizo na kuwakata posho kwa kuchelewa. Siku ya kwanza mkurugenzi amtambulishe mbele ya wote, aseme nafasi ilitangazwa, walioomba ni wangapi, na jopo lilitumia vigezo gani. Asitaje alama wala majina ya waliokosa. Dakika tano hizo zitamwondolea maneno mengi ya pembeni.

Halafu nafasi yake ya zamani itakuwa wazi. Itangazeni ndani vilevile. Pengine mpagazi mmoja atapanda, na nafasi ya mpagazi ndiyo itangazwe nje. Hapo ndipo damu mpya inapoingia, chini, na meneja wa fedha akitaka kijana mwenye diploma ya ununuzi na ugavi aanzie hapo, ni wazo zuri sana kwa miaka ijayo.

Mna miezi minne, na hiyo ni bahati ambayo kampuni nyingi hazina, kwa sababu mzee bado yupo. Mwezi wa kwanza umalize mazungumzo na mkurugenzi, maelezo ya kazi na tangazo. Wa pili usaili na majibu. Miwili inayobaki msimamizi mpya atembee na mzee kila siku, daftari mkononi, na mwisho wa kila wiki akuletee alichoandika. Wiki ya mwisho fungeni ghala Jumamosi na Jumapili, mhesabu kila kitu, mzee, mrithi wake na mtu wa fedha, watatu pamoja, na wote watie sahihi kwenye karatasi moja. Funguo zikabidhiwe siku hiyohiyo, na kila ufunguo uandikiwe una tabia gani.